Mia Nane

Najua nyote mmeshasikia ile sauti ya sahibu yangu kwenye kundi la mtaa, eti nilikimbizwa na punda mpaka Mkomani. Uongo! Punda alikuwepo, lakini hakunikimbiza. Afadhali angenikimbiza.

Ami alikuwa anauza laptopu pale barazani, mjukuu wake ameiwekea mfumo wa Linux. Akasema prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi yake ni gigahezi 2.4, yaani megahezi 2400. Sasa mimi, fundi wa kujiita (mnaocheka nawaona), nikatafuta pa kuishushia bei. Nikafungua kidirisha cha amri, nikaandika grep MHz /proc/cpuinfo, inionyeshe kasi ya prosesa kwa megahezi. Ikaja mistari minne: 800, 800, 800, 800.

Si ningenyamaza? Nikasimama. Nikakaza kikoi, nikakohoa ili wanywa kahawa wageuke, nikapaza sauti kama mnadi samaki: "Ami, 2.4 gani hii? Hii ni megahezi mia nane! Umepigwa, au unatupiga sisi?" Vikombe vikakwama kabla ya kufika midomoni. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe vyake. Kimya. Nami, nikidhani ni kimya cha kunistahi, nikarudia kwa madaha: "Miiia nane!"

Mlango ukafunguka polepole. Akatoka mjukuu mwenyewe, binti wa sekondari, bado yumo ndani ya sare. "Samahani, kaka." Hiyo samahani inaniwasha mpaka sasa. Akaandika amri nyingine, lscpu, akaweka kidole kwenye skrini: upeo 2400, chini kabisa 800. "Wewe umesoma mwendo wa sasa hivi. Haina kazi, ndiyo imejipunguza isile umeme bure." Akafungua video, akairudia amri yangu ileile, mbele ya watu walewale. 2394.

Ami wala hakukasirika. Alinyoosha bakora yake kwa punda aliyekuwa anasinzia kivulini. "Mwanangu, yule sasa hivi mwendo wake ni sufuri. Basi nimuuze kwa bei ya mbuzi?"

Baraza likaanguka kwa kicheko. Nikalipa bei aliyoitaja, bila kupunguziwa hata shilingi, nikaenda zangu.

Leo asubuhi nimeteremka gatini niende Shela. Nahodha, ambaye jana hata hakuwepo, akaniita tangu mbali:

"Mia Nane! Njoo upande, tunang'oa!"