Bure na huria si kitu kimoja: jumuiya zetu na leseni za kompyuta

Tuseme ukweli jamani, jumuiya nyingi nnazozijua Unguja na Pemba zinaendeshwa kwa Windows ya fundi. Unanunua laptopu yuzdi Darajani, unampelekea kijana akupigie Windows na Office, anachomeka flashi yake, anakraki, yaani anaivunja kinga ifanye kazi bila ya leseni, unampa chake unaondoka. Habari ya leseni haina muulizaji mpaka ije siku mkataba wa mfadhili umeandikwa programu zote ziwe halali, hapo ndo tunaanza kutazamana.

Mie nazihudumia kompyuta za jumuiya ndogo ndogo za Chake na Wete na kila mara naulizwa tulipie, tuombe za msaada au tuhamie kwenye programu huria. Kwanza tuelewane maneno. Kiingereza kina neno moja tu, "free", kwa bure na huria, sie tunayo mawili, tuyatumie. Ya bure ni ile huilipii. Huria ni ile ambayo leseni yenyewe inakuruhusu uitumie kwa kazi yoyote, uifungue uone ilivyoandikwa, uibadilishe na umpe mwenzio. LibreOffice, programu za kuandikia na za hesabu kama Word na Excel, ni huria. Google Workspace, ile ya barua pepe na nyaraka za kwenye intaneti wanayopewa jumuiya, ni ya bure tu, na aliekupa anaweza kubadilisha masharti. Mfano upo, Microsoft walikua wanazipa jumuiya zilizokubaliwa leseni 10 za Business Premium, yenye Word na Excel za kuweka kwenye laptopu, bila malipo, 2025 wakasitisha, ikabaki ya bure ni Business Basic ya watu hadi 300, ambayo Word na Excel unazifanyia kazi kwenye intaneti au simu, hazikai kwenye laptopu. Sasa mtu wa Micheweni bando likimwishia katikati ya ripoti afanye nini? Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Lakini na huria nayo ina shida zake, na hapa watu wa kompyuta huwa tunawaficha wenzetu. Kuna jumuiya ya kinamama wa mwani niliihamishia LibreOffice mashine zote kwa siku moja, nikajiona nimewaokoa. Mwisho wa robo mhasibu wao akanipigia usiku, "Mwanangu, hivi vibonyezo havibonyeki." Mfadhili kaleta faili la Excel lenye vitufe vya makro, yaani amri za kufanya kazi zenyewe ukibonyeza, ukibonyeza kimya, na kwenye mstari wa jumla, pale penye hesabu ya kamba na taitai za kufungia mwani, imeandika #NAME?. Ripoti inatakiwa asubuhi. Tukaazima laptopu ya mwalimu wa skuli jirani yenye Excel ndo ikatoka. Bi yule hakunilaumu ila mie nilijua kosa ni langu, nilibadilisha vyombo bila ya kuuliza kazi yenyewe inakwenda kwa nani.

Na wanaosema bora tubaki na kraki siwakubalii. Kraki nyingi zinakutaka uzime antivairasi kwanza ndo uziweke, yaani unafungua mlango mwenyewe, halafu flashi moja yenye virusi kutoka stashonari inageuza mafolda yote kuwa shotikati, na humo ndani mna majina ya watoto mayatima na namba za simu za watu waliokuamini.

Huria inafanya kazi kubwa hapa hapa kwetu. DHIS2 inayokusanya takwimu za vituo vya afya ni huria, imetoka Chuo Kikuu cha Oslo. Lakini kuna watu waliofunzwa kuitumia na wapo wa kuwauliza ikigoma. Halafu tazama Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004, kazi nzuri kweli, ila mie sijakuta ofisi hata moja inayoitumia. Kwahiyo gharama yenyewe iko kwa mtu, leseni ni sehemu ndogo tu, na bajeti zetu zina mstari wa "vifaa" lakini wa kumlipa kijana mmoja aje kila mwezi haumo.

Kwa mawazo yangu, tuanze na visivyomgusa mfadhili. Dodoso tukusanye kwa KoboToolbox, inajazwa kwenye simu hata bila mtandao ukarusha ukifika mjini. Laptopu kongwe zisizoweza Windows 11 tuzitie Linux Mint, mfumo huria unaokaa pahala pa Windows, maana Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tokea Oktoba 14, 2025. Na mashine moja ibaki na Excel ya kulipia kwa ajili ya ripoti, sioni aibu kwa hilo.

Wale kinamama sasa ndo wanavyokwenda. Halafu tukawaandikia wafadhili barua ya mistari minne kuomba faili lisilo na makro, wiki ya pili likaja jengine jepesi kabisaa, wakasema hapajatokea mtu kuwaomba kabla.