Roki tulipiga, tena Majengo

Mwandishi wa makala ya muziki wa Mombasa, wasema huku ni taarab na chakacha (ile ngoma ya harusi ya wanawake wa pwani) tu, eti roki ni mambo ya Nairobi, haya basi sisi tuliokuwa na bendi tukiwa sekondari pale Majengo ya Mombasa tulikuwa twapiga nini? Gitaa la umeme lilikuwa moja, besi tuliazima kwa kaka mmoja aliyekuwa akipiga mahotelini kule Nyali, enzi hizo kila mtu akitaka kuwa kama Them Mushrooms, ile bendi ya Mombasa iliyovuma mahotelini, na amplifaya yetu ni redio kaseti, ukifungua sauti mpaka mwisho inakoroma yenyewe, ndio roki hiyo, pedali ya kukwaruza sauti ya nini. Shida ilikuwa nyuzi za gitaa. Hewa ya chumvi yazila haraka na mpya bei yake si ya mwanafunzi, kwa hivyo tukizichemsha kwenye sufuria zipate sauti tena (mamangu alikuwa haelewi kabisa), na ikikatika ile nene twatia waya wa breki ya baiskeli.

Halafu mpiga dramu wetu alikulia kwenye ngoma za harusi, kila tukianza wimbo wa fujo mkono wake warudi kwenye mdundo wa sita kwa nane wa chakacha, mwanzo tulimgombeza lakini siku tuliyopiga Tononoka wale kina dada waliokuja kutucheka ndio waliosimama kucheza. Tulikuwa wabovu, sikatai, mwimbaji alikuwa akipiga mayowe tu. Lakini msiandike roki haikuwepo, vukeni Likoni au nendeni Kisauni mkaulize watu wa rika langu.