Samaki aliyeoza naye ni samaki

Februari 2015, polisi na wanajeshi walipokuwa wakipambana na watu wenye silaha kule mapango ya Amboni, Tanga, nilipanda daladala ya Pongwe nikiwa na kanzu na ndevu zangu. Mama niliyekaa naye akaniangalia, akaangalia mfuko niliopakata, akahamia siti ya nyuma. Hakusema kitu. Konda akacheka: "Shehe, leo umeachiwa siti nzima!" Nikacheka naye. Mfukoni mlikuwa na dawa ya kuku na nusu kilo ya maharage.

Jioni ile barazani kwetu Ngamiani, kahawa ikimiminwa na kashata zikizunguka, jibu kwa waliowahusisha wale wenye silaha na dini yetu lilikuwa moja: wale si Waislamu. Hata muuza kahawa aliitikia, mdila mkononi. Na mimi nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti, maana yule mama wa daladala alikuwa bado ananiuma.

Siku hizi jibu hilo halinishuki.

Mwaka 2023 ikaja habari ya Shakahola, huko Malindi, Kenya, pwani hiihii yetu. Waumini wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, na watoto wao, wakitarajia kukutana na Yesu. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Baraza ni lilelile, watu ni walewale, lakini sikumsikia hata mmoja akisema "wale si Wakristo". Tulisema: "Mnaziona dini za watu!" Jirani yetu Mwanglikana akajitetea kwamba yule si mchungaji, ni tapeli, nasi tukamcheka. Mkuki kwa nguruwe.

Je, ni dini inayoua? Mimi nasema hapana, na si kwa kuitetea ndevu yangu. Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti baada ya kuzungumza na mamia ya watu waliowahi kujiunga na makundi ya wenye msimamo mkali Afrika. Kati ya waliojiunga kwa hiari, asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini waliyajua kidogo tu au hawakuyajua kabisa. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Wanaodhani kamatakamata ya wenye kanzu ni dawa waisome hiyo mara mbili.

Lakini mwenye hasira zake angeweza kujificha nyuma ya bendera yoyote. Kwa nini achukue jina la Mungu? Kwa sababu tumeuacha mlango wazi. Aya ya tano ya Surat Tawba, ile ya kuwaua washirikina popote wakutwapo, anaijua kila mchochezi. Ya sita inayofuata, inayoamuru mshirikina akikuomba hifadhi umpe, kisha umfikishe mahali pa amani, ni darsa ngapi umeisikia ikielezwa? Wakristo nao wana Samweli wa Kwanza, sura ya 15, Waamaleki wanaamriwa kuuawa hadi watoto wanyonyao. Maneno yamo vitabuni. Kusema hayamo ni kumwachia mchochezi ayasome peke yake.

Pale soko la samaki la Deep Sea, muuzaji hufunua mashavu ya samaki, akayatazama, akanusa. Aliyeoza anamtoa. Hachomi tenga zima, lakini pia sijawahi kumsikia akimwambia mteja kwamba yule si samaki.

Mtaani kwetu palikuwa na kijana. Alianza kwa kusema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na hilo si kosa, wapo wacha Mungu wengi wasemao hivyo. Baadaye akasema anayepiga kura ni kafiri. Halafu akawa haitikii salamu ya mama yake mzazi, kwa kuwa mama alikuwa anakwenda kwenye maulidi. Wazee tulimwona. Alikuwa anahifadhi Kurani kutuzidi, anaamka alfajiri kutuzidi, tukaona haya kumwambia kwamba hapo amepotea. Kila mmoja alimsubiri imamu aseme, na imamu, nadhani, alikuwa anatusubiri sisi.

Siku moja hakuonekana tena, na hadi leo hatujui alikokwenda.

Mama yake huwa anauza vitumbua asubuhi, na nikipita ananifungia vinne hata kama nimeagiza vitatu. Anauliza hali ya watoto. La kijana haligusi, nami naitazama karai.