Menyu kunjuzi zinazotegemeana: aidii ya kudumu au msimbo ujitafutie?

Chukua fomu ya kawaida nchini Kenya: mtu anachagua kaunti, kisha eneo bunge, kisha wadi. Kaunti ni 47, maeneo bunge 290, wadi 1,450. Majina yote hayo hayawezi kumwagwa kwenye menyu kunjuzi moja (orodha inayofunguka ukiibonyeza), hasa kwa mtu anayejaza kwa simu, kwa hiyo menyu ya pili husubiri ya kwanza. Ukichagua Mombasa, JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, inajaza menyu ya pili kwa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ubishi wa waandishi wa programu uko hapa: msimbo utaijuaje menyu inayopaswa kujazwa?

Wapo wanaoitaja moja kwa moja kwa aidii, yaani jina la pekee ambalo kipengele hupewa kwenye ukurasa: getElementById, amri ya kutafuta kipengele kwa aidii yake, na aidii 'eneo-bunge', basi. Wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Mgeni kwenye mradi akilitafuta jina hilo analipata papo hapo, na akisoma anaelewa ni kipi kinabadilisha kipi. Kwa fomu yenye anwani moja, ufundi wa ziada ni kujisumbua bure.

Taabu huanza siku fomu inapoongezwa anwani ya pili, tuseme ya jamaa wa karibu. Sehemu nzima inanakiliwa, aidii zikiwemo. Kanuni za HTML zinakataza aidii moja kutumika mara mbili kwenye ukurasa, lakini kivinjari hakigombi: getElementById hurudisha elementi (kipengele cha ukurasa) ya kwanza na kuishia hapo. Mtumiaji anachagua kaunti ya shangazi yake huku chini, kumbe orodha ya eneo bunge lake mwenyewe kule juu ndiyo inayobadilika. Konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa ya msimbo, haionyeshi kosa lolote.

Hapo wanaotaka msimbo ujitafutie lengwa, yaani menyu ya kujaza, wanapata nguvu. Ila kujitafutia kuna namna mbili, na mara nyingi zinajadiliwa kana kwamba ni moja.

Ya kwanza ni kuunda jina kwa kuunganisha maneno: 'eneo-bunge-' na namba fulani. Mistari inapungua, lakini mimi siipendi. Ukisaka 'eneo-bunge-2' kwenye mradi mzima huioni, kwa sababu haijaandikwa popote. Inaundwa ukurasa ukishafunguka. Tena majina na namba halisi za Kenya zinaitega. Kaunti zina namba za tarakimu tatu, kuanzia Mombasa 001 hadi Nairobi 047. Mtu akizifanya aidii, querySelector, amri ya kutafuta kipengele kwa kiteuzi, ikipewa '#047' inakataa kwa kosa, maana kiteuzi cha CSS (maandishi yanayoeleza kipengele kinachotafutwa) hakipokei aidii inayoanza na tarakimu namna hiyo (getElementById ingeipokea bila neno). Halafu iko Murang'a. Andika option[value='Murang'a'] uone: ile alama ya ng' inafunga nukuu kabla ya wakati na kiteuzi chote kinaharibika. CSS.escape, amri inayokinga herufi zenye utata, inatibu yote mawili, ila lazima mtu aikumbuke, na nani hujaribu fomu yake kwa Murang'a?

Ya pili ni kufuata muundo. Unasikiliza tukio la change (mtu anapobadilisha chaguo) kwenye fomu nzima, unachukua event.target, yaani menyu iliyoguswa, unapanda kwa closest hadi kwenye '.anwani', kisanduku kinachozunguka anwani moja, kisha unashuka kwa querySelector hadi kwenye menyu yenye data-ngazi='eneo-bunge'. Anwani ziwe mbili au tano, kila moja inajihudumia. Gharama yake ni kwamba msimbo sasa unategemea mpangilio wa HTML: mbunifu akiihamisha menyu nje ya '.anwani', utafutaji unarudisha null, yaani hakuna kitu. Kwangu hilo linavumilika, kwa kuwa ukigusa null kosa linajitokeza kwenye konsoli. jQuery, maktaba ya JavaScript, katika hali hiyohiyo hunyamaza tu. Kwa hiyo anwani ikiwa moja nabaki na aidii. Ikiingia ya pili, nahamia kwenye muundo.

Kuna kasoro ambayo hakuna upande unaoigusa. Mtandao ukiwa mzito, mtu anachagua Kilifi, anaghairi na kuchagua Kwale. Jibu la Kwale linatangulia, la Kilifi linafika mwisho na kulifunika. Lengwa limepatikana sawasawa, na bado mkazi wa Kwale anaorodheshewa Malindi na Magarini, maeneo bunge ya Kilifi. Ombi la awali lifutwe kwa AbortController, zana ya kivinjari ya kukatisha maombi, kabla ya kutuma jipya, hata kama menyu yenyewe umeitaja kwa aidii.