Pilipili imesingiziwa vya kutosha

Shangazi yangu wa Wete, Pemba, aliacha achari kwa miaka sita kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Akaacha na pilipili, akaacha na ndimu. Usiku tumbo likimuwaka, sisi wa nyumbani tulikuwa na jawabu moja tu: "Shangazi, punguza mawazo." Najuta kila nikikumbuka.

Aliyekuwa akimtesa ni bakteria, Helicobacter pylori. Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha maabara kule Perth, Australia, mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall akamnywa kwa makusudi, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Wakatunukiwa Nobel mwaka 2005. Habari yenyewe si ya jana, na bado vibarazani kwetu mshitakiwa ni pilipili.

Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba bakteria hawa, ingawa jina lao ni moja, hawana tabia moja. Baadhi wana jeni iitwayo cagA. Hao huunda kitu mfano wa sindano, wakaidunga protini yao ndani ya seli za ukuta wa tumbo, na seli ikavurugika. Jeni ya vacA karibu wote wanayo, lakini kwa maumbo mbalimbali: yenye vipande viitwavyo s1 na m1 hutoa sumu kali, yenye kipande cha s2 haina makali hayo. Ndiyo maana watu wawili wanaokula sinia moja, wote wakiwa na mdudu, mmoja anaweza kutapika damu na mwenzake asijue hata kama anaye. Tena mdudu huyu ni mwenyeji wa zamani. Vinasaba vyake vinaonyesha kuwa binadamu walitoka naye Afrika Mashariki yapata miaka 58,000 iliyopita.

Na anabadilika. Herufi moja ya vinasaba ikigeuka kwenye jeni ya ribosomu yake, yaani kiwanda chake cha protini, klarithromaisini, dawa inayotumika kumuua, inakosa pa kushika.

Shangazi aliuziwa dukani vidonge vya siku tano, wakati dozi kwa kawaida ni siku 14. Dozi ya namna hiyo huua bakteria wanyonge na kuwaacha sugu wazaane. Baadaye akapimwa damu, akaambiwa bado anaye, akameza tena. Hakuna aliyemweleza kuwa kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huunda dhidi ya mdudu, nazo hubaki kwenye damu muda mrefu hata mdudu akishakufa.

Pale Wawi, Chake Chake, ipo maabara ya Ivo de Carneri, tangu mwaka 2000. Imefanya kazi kubwa ya minyoo, kichocho na kipindupindu. Natamani bakteria wa matumbo ya Wapemba nao wasomwe jeni zao papo hapo, ili daktari wa Wete au Mkoani ajue dawa ipi bado inafanya kazi kabla hajaiandika.

Kwa sasa, ukimaliza dozi, subiri wiki nne. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iache wiki mbili kabla ya kipimo. Kisha omba kipimo cha choo, kinachomtafuta mdudu mwenyewe. Wakikupa cha damu, waambie sicho ulichokifuata.