Dodoso haliuoni mwili

Kuna mwandishi mmoja anayedai kwamba mbunifu akishakusanya majibu ya dodoso kutoka kwa watumiaji, ana kila anachohitaji ili kubuni kitu kitakachowafaa. Sikubaliani naye. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na mara nyingi nimemsikia mzee akiulizwa kuhusu kiti akajibu kwa heshima, "Kizuri tu, mwanangu," ilhali mwili wake unasema mengine: anajisogeza hadi ukingoni, anakandamiza mikono ya kiti kwa viganja, anainuka akiyumba, kisha anatazama pembeni kwa aibu kuona kama kuna aliyemwona. Aibu hiyo haijazwi kwenye fomu yoyote, nayo ndiyo itakayomfanya asikikalie tena kiti hicho mbele ya wageni. Kwa sababu hiyo namheshimu sana Patricia Moore, mbunifu wa Marekani ambaye kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa bado kijana, alijigeuza bikizee, akafunga viungo visikunjike na kuziba masikio, akazunguka mijini ili aijue milango na mabasi kwa mwili wake mwenyewe. Ninyi mnaobuni vituo vya daladala na mabenchi ya zahanati zetu, mmewahi kumtazama mgonjwa wa magoti anavyoinuka?