Menyu ya watoto isiishie kwenye chipsi

Naunga mkono hoja kwamba migahawa iweke chakula bora cha watoto kwenye menyu. Jumapili baada ya ibada niliingia na binti yangu wa miaka 5 kwenye mgahawa mmoja hapa Moshi mjini. Upande wa watoto: chipsi soseji, chipsi kuku, chipsi mayai, na soda juu. Nikaomba mtori (supu ya ndizi na nyama) kibakuli kidogo, nikaambiwa hautolewi nusu, nilipe bakuli zima. Jamani, Moshi hii hii, ndizi zinashuka kila siku kutoka Kibosho na Marangu, parachichi zimejaa soko la Mbuyuni, halafu mtoto akose?

Soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30, wakati Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa mtoto kwa siku nzima! Sisemi chipsi zifutwe. Wapike nusu sahani: wali, maharage, mchicha, samaki aliyetolewa miiba, na maji badala ya soda. Siku ile binti yangu alimaliza mtori wangu wote, chipsi zake hakuzigusa.